Ubao juu ya beseni: kisa cha samaki kardinali tisa waliokufa alfajiri

Simu ya shemeji ilinikuta bado nimelala. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 26 Julai 2019, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, hapa Köln.

"Shemeji, samaki wameisha. Joto limewaua."

Nikamuuliza maji yana nyuzi ngapi. Akaenda roshani kutazama, akarudi kwenye simu. "Ishirini na sita."

Hapo nikaamka kweli. Siku moja kabla, Alhamisi tarehe 25, vituo vya Duisburg-Baerl na Tönisvorst, si mbali na huku kwetu, vilipima nyuzi 41.2, joto la juu kuliko lote lililowahi kurekodiwa Ujerumani. Kwa hiyo ukisikia samaki wa nje wamekufa usiku uliofuata, mshitakiwa unamjua kabla hata hujavaa viatu. Ila nyuzi 26 haziui samaki wale. Zinawachosha, lakini haziwaui. Na kama joto ndilo lililoua, kwa nini lisubiri usiku kucha, liache saa kumi alasiri maji yalipokuwa yamechemka, lije liue alfajiri yakiwa yamepoa?

Kwanza nieleze samaki walifikaje roshani.

Wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Ujerumani wana desturi ya kuwatoa samaki wao nje kiangazi, kwenye pipa, beseni au bwawa dogo, na kuwarudisha ndani vuli ikianza. Wanaiita Sommerfrische, neno lilelile ambalo wazee wao walilitumia kwa likizo ya mashambani. Si mchezo wa watu wasio na kazi. Jua halisi, viluwiluwi vya mbu wa bure na usiku wenye ubaridi humfanyia samaki kitu ambacho taa na hita havifanyi: anang'aa rangi, anataga, anakuwa na nguvu. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa miaka kadhaa, na shemeji aliambukizwa na mimi. Yeye ni mtu wa Kigoma. Kwao samaki ni mgebuka na dagaa, na kutoa euro kununua samaki wa urefu wa kidole ni jambo alilojifunza ukubwani.

Nilimchagulia samaki anayevumilia baridi: Tanichthys albonubes, ambaye Wajerumani humwita Kardinalfisch, nami humu nitamwita kardinali. Asili yake ni vijito vya Mlima Baiyun, yaani Wingu Jeupe, karibu na Guangzhou kule China, na alipewa jina la kisayansi mwaka 1932. Ni samaki wa maji ya ubaridi. Nyuzi 18 hadi 22 ndiyo raha yake, na majira ya baridi anaweza kushuka chini ya nyuzi 10 akaishi. Shemeji alinunua 12. Kisha, bila kuniuliza, akaongeza magapi 6, samaki wadogo wa aina ya guppy, kwa sababu mwanawe alipenda mikia yao.

Chombo kilikuwa beseni jeusi la plastiki la kukorogea saruji, la lita 90, lile ambalo kila duka la vifaa vya ujenzi hapa linaliuza kwa bei ya chai na mkate. Si chombo kibaya. Lakini ni jeusi, na roshani yake inatazama kusini. Nusu ya maji ilikuwa ya bomba, nusu ya mvua aliyokinga kwenye ndoo. Kumbukeni hiyo ya mvua, itarudi.

Kosa la kwanza lilitokea mapema. Aliwatoa samaki tarehe 1 Mei kwa sababu ilikuwa sikukuu na alikuwa nyumbani. Kwa kalenda ya wakulima wa huku, hapo bado. Kuna siku za katikati ya Mei wanazoziita za Watakatifu wa Barafu, za mwisho ikiwa tarehe 15, siku ya Sofia, na bibi yeyote mwenye bustani atakukataza kutoa mche wa nyanya nje kabla ya "Sofia Baridi" kupita. Sayansi ya siku zenyewe inabishaniwa, lakini kama kanuni ya kidole gumba mimi naifuata. Shemeji hakuifuata. Asubuhi moja ya wiki ya pili maji yalikuwa nyuzi 11, na magapi wanne walikuwa wamelala chini, mikia imejikunja. Gapi ni samaki wa joto; chini ya nyuzi 18 nje hana kazi. Wawili waliobaki wakarudi ndani. Makardinali wote 12 hawakujua kama kuna lililotokea.

Juni ikawa nzuri kiasi cha kutia kiburi. Makardinali wakawa na mstari unaowaka ubavuni na mapezi mekundu, madume yakatunishiana, na katikati ya mwezi tukaona vifaranga, kila kimoja kama kipande cha uzi chenye macho. Maji nayo yakaanza kuwa ya kijani, kwanza kama chai ya mchaichai, halafu kama supu ya mchicha. Huo ni mwani, mmea mdogo usioonekana mmojammoja, na kwa vifaranga ni chakula.

Mwanzoni mwa Julai nilipita na kipimo changu cha matone. Alasiri pH, yaani kipimo cha asidi ya maji ambapo 7 ni katikati na juu yake asidi hakuna, ilikuwa 9.2. Nikamwambia hiyo imepanda mno. Akacheka. "Shemeji, hiyo ndiyo ya ziwa letu!" Na kweli, Ziwa Tanganyika lina pH ya kati ya 8.6 na 9.2, na samaki wake wa miambani, akina Tropheus, wanauzwa maduka ya huku kwa bei ya kumshangaza mtu wa Kigoma. Nilikubali utani, sikukubali hoja. Ziwa lile lina karibu kilomita za ujazo 18,900 za maji. Kinyesi cha samaki kinapotelea humo. Beseni lina lita 90. Tena pH ya ziwa haibadiliki sana kutwa, ila ya beseni ilikuwa 9.2 alasiri na huenda 7.5 alfajiri. Mchana mwani unakula hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini na pH inapanda. Usiku nao unapumua kama sisi, unatumia oksijeni na kuirudisha hewa ya ukaa, pH inashuka. Maji magumu ya bomba yana kaboneti ya kuzuia bembea hiyo isiwe kubwa. Maji ya mvua hayana. Alipochanganya nusu kwa nusu alijitengenezea bembea ndefu.

Nikamwambia apunguze chakula na aweke kivuli.

Neno "kivuli" nililisema nikiwa mlangoni, viatu mguuni, bila kueleza kivuli kinawekwa wapi. Mzigo wa kisa hiki si wa shemeji peke yake.

Nilifika kwake saa kumi na mbili na robo asubuhi ile ya Ijumaa. Alikuwa bado na nguo za kazi. Wiki hiyo alikuwa zamu ya usiku. Pembeni ya beseni kulikuwa na ubao wa plaiwudi, mkubwa wa kufunika beseni lote, na upande wake wa chini ulikuwa umelowa matone kama kifuniko cha sufuria ya wali. Makardinali tisa wakubwa walikuwa wamekufa, wengi wakielea karibu na ukingo, midomo wazi. Watatu walikuwa hai, wamening'inia juu kabisa wakivuta ule utando wa juu wa maji. Vifaranga, kama ishirini hivi, walikuwa wazima, wote juu. Konokono wa majini walikuwa wametoka nje ya maji, wamejipanga kwenye ukingo wa plastiki kama watu wanaosubiri pantoni.

Konokono ndio walionijibu kabla sijafungua kipimo.

Maelezo ya shemeji, nikiyapanga: Jumanne maji yalifika nyuzi 31 saa kumi alasiri, na samaki walikuwa hai. Jumatano mchana, akisikia utabiri wa kesho yake, akafunika beseni kwa ubao, akaacha upenyo wa vidole viwili. Alhamisi hakuufungua kutwa. Saa tatu usiku kabla ya kwenda kazini akapitisha chakula kwenye upenyo, na kwa kuwa hakuona samaki wakija, akaongeza mara mbili. Akarudi alfajiri, akainua ubao.

Sasa tuwapitie washitakiwa.

Joto lenyewe. Jumanne, bila ubao, maji yalikuwa nyuzi 31 na hakuna aliyekufa. Alhamisi chini ya ubao, saa moja jioni, shemeji alisoma nyuzi 29. Ubao ulifanya kazi yake ya kupunguza joto. Wengi hapa husema maji ya moto hayana oksijeni, lakini si kweli kwa namna wanavyoisema. Maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba takriban miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 26, kama 8.1, ya nyuzi 30, kama 7.6. Kikombe kimepungua, hakijakauka. Aliyekikausha ni wanywaji, na joto huwafanya wanywaji wote wawe na kiu zaidi: samaki, mwani, bakteria.

Sumu kutoka nje. Jirani wa juu huosha roshani yake kwa sabuni, na shemeji alitaka sana awe yeye. Lakini sabuni ingewapata vifaranga kwanza, tena beseni lilikuwa limefunikwa.

Amonia, sumu ya kinyesi na chakula kinachooza. Huyu nilimshuku kwa dhati, kwa sababu ya chakula kile na pH ya mwezi mzima. Nikapima: jumla yake kama miligramu 1.5 kwa lita, nyingi. Halafu nikapima pH. Nilitarajia 8 na kitu. Matone yakageuka rangi ya 7.0, nikarudia, yaleyale. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole, na pH ndiyo inayoamua mgawo. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu kali haifiki asilimia 1. pH ikiwa 9, inakuwa kama asilimia 36. Kwa hiyo amonia ileile ambayo alasiri ya jua ingekuwa kisu, alfajiri ile ilikuwa kijiko.

Na pH 7.0 yenyewe ni ushahidi. Maji yaliyokuwa yakifika 9.2 alasiri hayashuki hadi 7.0 bila kujazwa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ilitoka kwa vilivyopumua gizani saa arobaini mfululizo. Maana ubao haukuzuia joto tu. Ulizuia mwanga, na mwani usipopata mwanga hauachi kupumua. Unageuka kutoka mzalishaji kuwa mlaji mchana na usiku. Supu yote ile ya kijani, iliyokuwa ikiwapa samaki oksijeni mchana, ilikaa siku mbili ikivuta tu. Juu yake kukawa na chakula kisicholiwa ambacho bakteria walikishangilia. Na upenyo wa vidole viwili haukutosha kuingiza hewa mpya, upepo wenyewe haukuwapo.

Sikuwa na kipimo cha oksijeni, kwa hiyo hukumu yangu ni ya dalili. Lakini dalili zinaelekea upande mmoja: vifo vya alfajiri, saa ambayo oksijeni ya bwawa huwa chini kabisa; wakubwa wamekufa na wadogo wamepona, kwani mwili mkubwa unahitaji zaidi, na kifaranga anaweza kuishi kwa ule utando mwembamba wa juu; walio hai wanavuta juu; konokono wamehama; pH imeporomoka. Mfugaji wa sato aliyewahi kuzidisha mbolea bwawani anaijua alfajiri hii bila kuambiwa. Kwake inakuja baada ya siku ya mawingu mazito. Kwa shemeji wingu lilikuwa la plaiwudi.

Nilipomweleza alikaa kwenye kreti la soda akanyamaza. Baadaye akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyewafunika." Nikamwambia mimi ndiye niliyesema kivuli.

Hatua ya kwanza haikuhitaji kifaa. Jagi la jikoni: unachota maji ya beseni, unayainua hadi kifuani, unayamwaga yachape. Dakika kumi, kwa zamu. Samaki wawili kati ya watatu wakaanza kushuka chini. Wa tatu alikufa saa sita mchana.

Hatua ya pili ndiyo ambayo karibu tuikosee. Shemeji alitaka kutupa ubao na kuliacha jua lirudi, kwa kuwa sasa tumejua giza ndilo adui. Lakini fikiria: amonia 1.5 imo, mizoga imeanza kuoza, na kinga ya pH hakuna. Jua likirudi juu ya supu ile, ifikapo saa tisa alasiri pH inapanda tena kuelekea 9, na kile kijiko kinarudi kuwa kisu. Waliopona alfajiri wangekufa jioni, nasi tungesema tena ni joto. Kwa hiyo kabla ya jua kufika roshani tulitoa mizoga, tukanyonya chakula cha chini kwa mpira, na tukabadilisha lita 30 kwa maji ya bomba, polepole, yakishuka kutoka nyuzi 26 hadi 23. Maji ya bomba ya hapa ni magumu, na siku ile ugumu huo ulikuwa dawa. Kwa kawaida hapa hayana klorini ya kuogopesha. Angekuwa Dar es Salaam ningeyaacha kwanza kwenye ndoo wazi.

Halafu kivuli, sasa mahali pake. Kinachopashwa moto kwanza ni ukuta mweusi wa beseni, si uso wa maji. Tulilisogeza hadi ukutani na tukataka kutundika kitu kwenye reli. Kilichokuwa karibu ni mkeka. Dada alitokea mlangoni, kanga kichwani, akatutazama mara moja tu.

"Mkeka wa mama? Kwa samaki?"

Tukaishia na gunia mbili za jute na shuka kuukuu. Gunia lililozungushiwa beseni na kuloweshwa asubuhi lilipunguza nyuzi tatu alasiri ya Jumamosi ukilinganisha na Jumanne, ingawa na hewa yenyewe ilikuwa imepoa, sitalipa gunia sifa zote. Uso wa maji tuliuacha wazi, theluthi moja tu ikifunikwa na majani yanayoelea.

Shemeji alikuwa tayari ameagiza pampu ya nguvu ya jua. Nilimwomba airudishe. Zile ndogo zisizo na betri hufanya kazi mchana, mwani unapotoa oksijeni ya kumwaga, na hulala usiku, saa ileile ambayo konokono wanapanda ukingoni. Pampu ya hewa ya kawaida yenye waya na jiwe lake la kutoa mapovu, inayowaka kuanzia magharibi hadi saa mbili asubuhi, ilimaliza shida. Wiki iliyofuata pH ya alasiri ilikuwa 8.4, ya alfajiri 7.6.

Vuli haikuwa na mengi. Makardinali hawana haraka ya kuingia ndani. Gapi angehitaji kurudi ndani mapema Septemba. Tuliwarudisha ndani tarehe 3 Oktoba, sikukuu ya Muungano wa Ujerumani, maji yakiwa nyuzi 10 asubuhi. Hapa wengi huharibu dakika za mwisho: wanamchukua samaki kutoka nyuzi 10, wanamtia kwenye tangi la nyuzi 24, na wiki moja baadaye wanashangaa ugonjwa wa madoa meupe. Sisi tuliwaacha kwenye ndoo ya maji yao wenyewe, na kijiwe cha hewa, koridoni, kutwa nzima, hadi ndoo ikafikia joto la nyumba lenyewe. Kisha tukaongeza maji ya tangi kikombe kimojakimoja. Tangi halina hita, linakaa nyuzi 18 au 19, na huo ndio ubaridi wanaoutaka.

Jirani mmoja alishauri waliozidi tuwatie mto Rhein. Ni marufuku, na hata kama isingekuwa, kuna kijito kiitwacho Gillbach, magharibi ya Köln, kinachopokea maji ya moto ya kituo cha umeme, ambamo magapi yaliyotupwa na watu yamekuwa yakizaana kwa miaka. Mfano mmoja unatosha.

Tulihesabu wakubwa 2 na vijana 14. Julai walikuwa kama ishirini. Aliyewapunguza alipatikana chini ya majani: buu wa kereng'ende, wa urefu wa kifundo cha kidole, rangi ya tope, mwenye mdomo wa chini anaouchomoa kama mkono. Alikuwa amenenepa. Shemeji alitaka kumkanyaga, mwanawe akakataa. Dada akasema hataingia jikoni kwake. Basi akabaki roshani, kwenye ndoo iliyozungushiwa lile gunia, na fimbo ya mwanzi imesimamishwa ndani. Juni ya mwaka uliofuata kijana aliniletea gamba lake kwenye kisanduku cha kiberiti, kavu, limepasuka mgongoni, miguu sita bado imeshika kipande cha mwanzi.